Hii Si Ahadi ya Kwanza Olkaria

Neno "wingu" limetudanganya sana. Ukisema picha zako ziko kwa wingu, unaona kitu kinaelea huko juu, hakina uzito, hakili, hakinywi. Ukweli ni kwamba hakuna wingu. Zile picha, ile sauti uliyotumiwa saa sita usiku, lile swali uliloiuliza akili bandia juu ya kazi ya chuo, vyote vimelala kwenye mashine. Mashine ziko ndani ya jengo. Jengo limekaa juu ya ardhi, na ardhi huwa na watu.

Jengo hilo linaitwa kituo cha data. Na kuna moja kubwa sana ambalo limeahidiwa kujengwa hapa kwetu.

Mei 2024, Rais Ruto akiwa ziarani Marekani, Microsoft pamoja na G42, kampuni ya Abu Dhabi, zilitangaza mpango wa kuwekeza dola bilioni 1 Kenya. Kitu kikubwa kwenye huo mpango ni kituo cha data pale Olkaria, karibu na Naivasha, kaunti ya Nakuru. Kingeanza na megawati 100, halafu baadaye kikue hadi gigawati 1, yaani megawati 1,000. Stima yake ingetoka kwa mvuke wa ardhini, ule unaofuka pale Olkaria mchana na usiku.

Nilipoanza kuongelea hii story, wasee waligawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza: "Wewe unapinga maendeleo. Vijana hawana kazi, halafu mtu akileta dola bilioni moja unaleta maswali." Kundi la pili: "Hawa ni wakoloni wapya, wafukuzwe." Mimi siko kundi lolote kati ya hayo. Nataka kituo kijengwe. Lakini nimesoma historia ya pale mahali, na historia hiyo inasema jambo moja waziwazi: Olkaria imeahidiwa mara nyingi, na kila ahadi imetegemea swali moja tu. Nani atamshika mwenye ahadi mkono akianza kuisahau?

Hebu twende pole pole.

Ahadi ya 1904

Kabla Naivasha kuwa mji wa maua na wikendi za watu wa Nairobi, ilikuwa malisho ya Wamaasai. Maji ya ziwa, nyasi za Bonde la Ufa, chumvi ya ng'ombe, kila kitu kilikuwepo. Hata majina yanakumbuka: Naivasha limetokana na neno la Kimaa kuhusu maji yanayochafuka kwa mawimbi.

Kisha ikaja reli. Ilifika Kisumu Desemba 1901, ikiwa imekata Bonde la Ufa katikati. Reli ilikuwa imekula pesa nyingi za Waingereza, na wakataka ijilipe. Njia waliyochagua ni kuleta walowezi walime kando ya reli. Shida ilikuwa moja tu: kando ya reli kulikuwa na wenyewe.

Agosti 1904, pale pale Naivasha, mkataba uliwekwa mezani. Upande mmoja alikuwa Kamishna Donald Stewart. Upande wa pili walikuwa viongozi wa Wamaasai, akiwemo laibon Olonana, yule tunayemjua pia kama Lenana. Mkataba ulisema Wamaasai watoke Bonde la Ufa, waende sehemu mbili: wengine Laikipia, wengine kusini. Na kwa kubadilishana, walipewa ahadi kwamba maeneo hayo mapya yatakuwa yao kizazi baada ya kizazi, na hakuna mlowezi atakayeyagusa.

Hiyo "kizazi baada ya kizazi" ilidumu miaka 7.

Mwaka 1911, walowezi walikuwa wameshaipenda Laikipia. Mkataba mpya ukaandikwa, na maelfu ya watu pamoja na mifugo yao wakasukumwa tena kwenda kusini. Baadhi walikataa. Wakafanya kitu ambacho wengi wetu hatukufundishwa shuleni: walienda kortini. Kesi ya 1913, inayojulikana kwa jina la Ol le Njogo, iliishtaki serikali ya kikoloni kwa kuvunja mkataba wa 1904.

Walishindwa. Na namna walivyoshindwa ndiyo inayouma zaidi. Mahakama haikusema kwamba mkataba haukuvunjwa. Ilisema kwamba mkataba ule ulikuwa kati ya mataifa mawili, kama vile Uingereza na Ufaransa zikiandikiana, kwa hivyo korti ya kawaida haina uwezo wa kuusikiliza. Yaani siku ya kuwahamisha, walikuwa raia wa kusukumwa. Siku ya kudai haki, ghafla wakageuka taifa la kigeni.

Nimeanza mbali hivi kwa sababu mkataba wa 1904 ulikuwa umeandikwa. Ulikuwa na sahihi. Ulikuwa na maneno mazuri. Kitu ambacho haukuwa nacho ni mlango wa kubisha ukivunjwa.

Ahadi ya mvuke

Ruka sasa hadi miaka ya 1950. Serikali ya kikoloni ilijua kwamba chini ya Olkaria kuna joto. Mvuke ulikuwa unatoka kwenye nyufa za miamba, na wachungaji walikuwa wakiujua muda wote. Visima viwili vya kwanza vilichimbwa 1956, lakini havikutoa mvuke wa maana. Mambo yakalala.

Yaliamka miaka ya 1970, wakati Umoja wa Mataifa uliposaidia utafiti. Halafu bei ya mafuta ikapanda duniani 1973, na nchi kama Kenya zikaona hatari ya kutegemea mafuta ya kununua. Mwaka 1981 mtambo wa kwanza wa Olkaria ukawashwa, megawati 15. Ikafuata mingine miwili, na kufikia 1985 jumla ikawa megawati 45. Ilikuwa mara ya kwanza Afrika kwa mvuke wa ardhini kuzalisha stima kwa kiwango kama hicho.

Hapa lazima tujisifu kidogo, kwa sababu ni haki yetu. Leo mvuke unatoa karibu asilimia 40 ya stima ya Kenya. Ukiwasha taa usiku wakati mvua haijanyesha na mabwawa yamepungua, kuna uwezekano mkubwa mtu wa kushukuru ni Olkaria. Wahandisi wetu wanaenda kufundisha nchi nyingine. Hiyo si kitu kidogo.

Lakini angalia upande wa pili wa picha. Mwaka 1984 eneo la Hell's Gate, jirani kabisa na mitambo, lilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Kwa hivyo mfugaji wa pale akajikuta amebanwa pande zote: hapa hifadhi, hapa mitambo na mabomba, kule ranchi za watu binafsi, kule ziwani mashamba ya maua. Na kwa miaka mingi, kulikuwa na maboma ambayo nyaya za stima zilipita juu yake zikielekea Nairobi, na ndani watu wanawasha taa ya mafuta. Mtoto anasoma kwa koroboi, na nje anaona mvuke unaowasha runinga ya mtu wa Westlands.

Sikuelezi hii ili umlaani mtu. Nakueleza kwa sababu hii ndiyo tofauti kati ya ukuaji wa uchumi na ukuaji wa uchumi wenye kuwajibika. Ule wa kwanza unapimwa kwa megawati. Ule wa pili unauliza megawati zinapita juu ya kichwa cha nani.

Ahadi ya 2014, na mlango uliofunguka

Sasa tufike kwenye sehemu ambayo mimi naona ndiyo muhimu kuliko zote.

Mtambo wa Olkaria IV, megawati 140, ulizinduliwa 2014. Ili ujengwe, vijiji vinne vya Wamaasai vilihamishwa, kikiwemo kile kilichoitwa Cultural Centre, ambapo watu walikuwa wakiwauzia watalii shanga na kuwachezea ngoma. Agosti 2014 familia zile zilipelekwa mahali panapoitwa RAPland, ekari 1,700. Walijengewa nyumba za mawe na shule. Kwa karatasi, mambo yalikaa poa kabisa.

Ukiwasikiliza waliohama, unapata story nyingine. Ardhi ilikuwa na makorongo. Barabara ilikuwa mbaya. Watalii hawafiki kule, kwa hivyo biashara ya shanga ikafa. Na hati ya ardhi yenyewe haikuwa mikononi mwao siku walipohamia. Nyumba ya mawe juu ya ardhi ambayo huna karatasi yake ni kama kulala kwa mtu.

Zamani mambo yangeishia hapo. Mara hii haikuwa hivyo. Mradi ulikuwa umekopeshwa pesa na Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya. Benki hizo mbili zina ofisi za kupokea malalamiko ya watu walioumizwa na miradi yao. Wakazi wakaandika barua. Hawakupeleka fujo, walipeleka malalamiko rasmi, mwaka huo huo wa 2014.

Jopo la Ukaguzi la Benki ya Dunia lilikuja, likachunguza, na 2015 likatoa ripoti. Likasema kwamba sera ya Benki yenyewe ya kulinda jamii za asili haikutumika jinsi ilivyotakiwa. Likasema mashauriano yalikuwa na kasoro, lugha ya Kimaa haikutumika vya kutosha, na baraza la wazee liliwekwa pembeni. Hebu fikiria: watu wanaamuliwa maisha kwenye mkutano, na mkutano hauendeshwi kwa lugha wanayoota nayo.

Baada ya hapo kukawa na mazungumzo ya upatanisho, na 2016 makubaliano yakatiwa saini kuhusu barabara, ardhi na mambo mengine. Haikurudisha kila kitu. Lakini linganisha na 1913. Mara ya kwanza walibisha wakaambiwa hakuna mlango. Mara ya pili mlango ulikuwepo, ukafunguliwa.

Sasa swali la kituo cha data. Pesa zake ni za kampuni binafsi. Hakuna jopo la ukaguzi la Benki ya Dunia. Hakuna ofisi ya malalamiko kule Luxembourg ambayo mzee wa Olkaria anaweza kuiandikia. Ule mlango uliowasaidia watu wa RAPland haupo kwenye mradi huu, labda tuujenge wenyewe, kwa sheria zetu, kabla jiwe la kwanza halijawekwa.

Hilo ndilo ninalotaka ukumbuke kwenye post hii yote. Mengine ni maelezo.

Kituo cha data hufanya nini hasa

Wengi hutaka kujua kama hicho kitu kina madhara gani, kwa sababu hakitoi moshi. Kazi yake ni rahisi kueleza. Seva ni kompyuta zisizo na kioo, zimepangwa kwenye rafu, maelfu kwa maelfu, zikifanya kazi bila kulala. Simu yako ikicheza gemu kwa saa moja inapata moto. Sasa zidisha hiyo na jengo zima. Joto lile lazima litolewe, ama mashine zife.

Kuna njia mbili kubwa za kulitoa. Unaweza kutumia maji yanayogeuka mvuke na kupotea hewani, ambayo hupunguza matumizi ya stima lakini inakunywa maji. Ama unatumia maji yanayozunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, ambayo huhifadhi maji lakini mara nyingi inahitaji stima zaidi. Waliotangaza mradi wa Olkaria walisema watatumia teknolojia ya kuhifadhi maji. Vizuri. Hilo ni jambo la kuandikwa kwenye kibali kwa idadi ya lita, lisiachwe kwenye taarifa ya habari pekee. Ziwa Naivasha tayari lina foleni: mashamba ya maua, mji unaokua, wavuvi, viboko, na hata uchimbaji wa visima vya mvuke hutumia maji yake. Ukame wa 2009 uliishusha Naivasha hadi watu wakaingiwa na hofu. Miaka ya karibuni ziwa limefanya kinyume, limefura na kuingia kwenye nyumba za watu. Ziwa la tabia hiyo halihitaji mnywaji mwingine asiyehesabiwa.

Kuhusu stima: matumizi ya juu kabisa ya Kenya nzima yamepita megawati 2,300. Megawati 100 zinawezekana. Lakini ile gigawati 1 ya baadaye ni zaidi ya asilimia 40 ya kiwango hicho, na inapita mvuke wote tunaozalisha kwa sasa, ambao ni zaidi kidogo ya megawati 900. Maana yake ni kwamba lazima visima vipya vichimbwe, na visima vipya vinahitaji ardhi mpya. Hapo ndipo swali la RAPland linarudi. Wewe unakumbuka Agosti 2023 nchi nzima ilipozima hadi uwanja wa ndege ukawa giza. Gridi yetu haina nafasi ya mchezo.

Na kazi? Hapa tuongee ukweli kama marafiki. Mjengo utaajiri watu wengi kwa muda: mafundi, madereva, mama wa chakula, wasee wa kubeba simiti. Ukiisha, jengo linabaki na mafundi wa stima, wa kupoza, wa mitandao, walinzi na wasafishaji. Si wengi. Mashamba ya maua ya Naivasha yameajiri makumi ya maelfu ya watu, hata kama mshahara wake una malalamiko yake. Kituo cha data hakiwezi kufika hapo, hakikuundwa kwa kazi hiyo. Faida yake iko kwingine: kodi, stima inayonunuliwa, mafunzo, na kampuni ndogo za Kenya kuhifadhi data yake karibu badala ya Ulaya. Kwa hivyo mtu akija kwa baraza la chifu akiwaahidi vijana wote kazi, muulize kazi ngapi baada ya mjengo, za aina gani, na nani amefundishwa.

Wenzetu waliotangulia

Hatuko wa kwanza, na hiyo ni bahati. Tunaweza kusoma kwa mgongo wa wengine.

Kuna mji mdogo jimbo la Oregon, Marekani, unaitwa The Dalles. Google ina vituo vya data hapo. Mwandishi wa gazeti alipouliza kampuni inatumia maji kiasi gani, mji wenyewe ulikimbilia kortini mwaka 2021 kuzuia jibu lisitolewe, kwamba ni siri ya biashara. Gazeti halikuachilia. Desemba 2022 mji ulikubali kutoa takwimu, na ikaonekana kwamba Google ilitumia zaidi ya robo ya maji yote ya mji ule. Labda kiasi hicho ni sawa, labda si sawa. Shida ni kwamba wakazi hawangeweza hata kujadili, kwa sababu hawakuruhusiwa kujua.

Ireland nayo iliwakaribisha kwa mikono miwili. Kufikia 2023 vituo vya data vilikuwa vinatumia asilimia 21 ya stima ya nchi nzima, kushinda nyumba zote za mijini zikiwekwa pamoja. Ikabidi wasimamizi wa gridi wakaze sana mkono kuhusu kuunganisha vituo vipya Dublin.

Kwa upande mwingine, kuna kaunti ya Loudoun, jimbo la Virginia, yenye vituo vingi sana. Kule kaunti hutoza kodi hata zile kompyuta zilizo ndani, na pesa hizo zimesaidia shule na kupunguzia wenye nyumba kodi. Hawako bila malalamiko, kelele na nyaya zimewachosha wengi, na 2025 walikaza sheria za kujenga vipya. Lakini walihakikisha tangu mwanzo kwamba kinachojengwa kwao kinawalipa wao.

Shilingi moja na senti 25

Sasa turudi nyumbani tupige hesabu. Sheria ya Kawi ya 2019 inasema anayezalisha nguvu ya mvuke atalipa mrabaha: kati ya asilimia 1 na 2.5 ya thamani yake kwa miaka 10 ya kwanza, halafu kati ya asilimia 2 na 5. Mrabaha huo unagawanywa hivi: asilimia 75 serikali kuu, 20 kaunti, na 5 jamii ya mahali.

Ukisikia "jamii inapata asilimia 5" unaona ni poa. Chukua sasa mvuke wa thamani ya shilingi 1,000. Mrabaha wa asilimia 2.5 ni shilingi 25. Asilimia 5 ya hizo shilingi 25 ni shilingi 1 na senti 25. Hiyo ndiyo ya jamii nzima, watu wote wagawane. Na hiyo ni ya mvuke. Kile kinachotengenezwa kwa huo mvuke ndani ya kituo, ambacho ndicho chenye pesa ya kweli, hakimo kwenye hesabu hii.

Tena kituo kikiwekwa ndani ya eneo maalum la kiuchumi, sheria ya 2015 inaruhusu kodi ya kampuni ya asilimia 10 kwa miaka 10 ya kwanza na 15 kwa miaka 10 inayofuata, wakati kampuni ya kawaida ya Kenya hulipa 30. Kuvutia mwekezaji si dhambi. Lakini ukimpunguzia kodi, na mrabaha ni wa senti, basi jirani wa kituo abaki na nini?

Mlango tunaoweza kuujenga

Mimi si mwanasheria wala mwanasiasa. Ila kutokana na miaka 120 ya hii historia, naona mambo manne ambayo yangekuwa tofauti kati ya 1904 na 2016.

Kwanza, makubaliano ya jamii yaandikwe kabla ya mjengo, kwa Kimaa na Kiswahili, na yawe mkataba unaoweza kushtakiwa kwenye korti ya Naivasha. Isiwe taarifa ya pamoja yenye bendera mbili.

Pili, maji na stima vitangazwe kila mwezi. Lita ngapi, megawati ngapi, wazi kwa kila mtu. The Dalles imetufundisha bei ya siri.

Tatu, iundwe ofisi ya malalamiko yenye uwezo wa kusimamisha kazi, na ndani yake wawemo watu wa pale, pamoja na wanawake na vijana. Wale wa RAPland walilazimika kuandikia benki za nje ili wasikilizwe nyumbani. Hiyo aibu isirudiwe.

Nne, mafunzo yaanze sasa. Fundi wa kupoza mitambo hachukui wiki mbili kufundishwa. Tukingoja jengo liishe, mafundi watatoka kwingine, na vijana wa Karagita na Narasha watabaki kufungua geti.

Na wewe unayesoma hii kwa simu yako, una kazi pia, na hauhitaji kwenda barabarani kuifanya. Katiba, kifungu cha 35, inakupa haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa serikali. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kukujibu. Mradi mkubwa kama huu ukifika kwa NEMA, ripoti ya athari kwa mazingira hutangazwa, na raia yeyote anaweza kuandika maoni ndani ya siku 30. Barua pepe moja yenye maswali matatu: maji kiasi gani, ardhi ya nani, jamii inalipwa vipi. Sisi ndio kizazi kinachotumia hiyo data. Hatuwezi kusema haituhusu inatoka wapi.

Wale waliomshtaki mkoloni 1913 hawakuwa na simu, hawakuwa na Katiba, na mwishowe hawakuwa hata na korti ya kuwasikiliza. Walienda tu. Sisi tunavyo vyote vitatu. Tukinyamaza mara hii, wajukuu watasoma kwamba Olkaria iliahidiwa tena, na kwamba wakati huo kulikuwa na watu wengi sana mtandaoni.